Bati la Pili

Profesa Mutiso alipokufa, Khadra hakunipigia simu ili kunipa pole. Alipiga kuniuliza kama kichwa changu bado kinafanya kazi. Nikamjibu kwamba kinafanya, alhamdulillahi, ni magoti tu yameanza kulalamika. Akasema magoti yangu hana haja nayo. Amenunua kinasa sauti, Profesa ameshatangulia, na katika watu wanne wa kile chumba tumebaki wawili tu, naye hakumbuki hata shairi moja la baba yake kutoka mwanzo hadi mwisho. "Njoo nikukamue kabla na wewe hujafa," alisema. Ndivyo anavyozungumza nami miaka yote, na miaka yote nimekuwa nikidhani ni mapenzi. Nikapiga kanzu pasi, nikatia ndevu hina, nikaenda.

Ya wazazi wangu na utoto wangu nayaacha, kwa kuwa hayana hatia katika jambo hili. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka thelathini na moja, Msomali wa Garissa anayefundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, nikijivunia jambo hilo kuliko ilivyofaa. Ulikuwa mwaka wa hofu. Watu wa msituni walikuwa wakitokea barabarani na kuchagua nani afe. Na wengine, wa magari yasiyo na nambari, walikuwa wakichukua vijana mchana kweupe, na ukienda kumuulizia mtu wako unaulizwa wewe ni nani kwake. Walimu waliotoka chini, yaani ile Kenya nyingine, walifungasha virago wakaenda zao, na sikuwalaumu. Shuleni kwetu nilibaki nikifundisha Kiswahili, Historia na, Mungu anisamehe, Kemia.

Chumba chenyewe kilikuwa karakana ya Khadra, nyuma ya duka la vipuri vya tuktuk. Alikuwa akichora mabango ya maduka, mwanamke wa pekee niliyemjua mjini mwenye kazi hiyo, na akina mama walikuwa wakipita mlangoni na kuguna. Ukiingia ulipokewa na harufu ya tapentaini, kisha ngamia wa bucha aliyekosa jicho moja, kisha jino kubwa kama mlango, la tabibu wa meno aliyeagiza, akalipa nusu, akakimbia mji. Mabango ya waliokimbia Khadra aliyageuza yatazame ukuta. Moja tu alililaza juu ya makopo ya rangi likawa meza yetu, la kinyozi mmoja kutoka Kitui, lenye vichwa sita vya mitindo sita ya kunyoa. Sinia la anjera, mkate wetu mwembamba, na nyirinyiri, nyama kavu ya kukaangwa, liliwekwa juu ya vile vichwa, na mchuzi ukimwagika ulimwagikia kwenye paji la uso la mmoja wao. Yule kinyozi hakuwa amekimbia. Tulijua vizuri kilichompata, na tulikula vivyo hivyo, kwa vidole, tukisifia pilipili.

Tulikutana Jumamosi baada ya swala ya alasiri mpaka karibu na magharibi. Mutiso alikuwa mhadhiri wa falsafa chuo kikuu, Mkamba mwembamba aliyevaa soksi hata katika joto la Machi, na ni kwa ajili yake tulizungumza Kiswahili. Alipenda maswali kama wengine wanavyopenda tumbaku. Mungu anapoacha mtu auawe akiwa anasali, aliuliza, anamjaribu aliyekufa au aliyebaki? Mtu akisema ukweli ukamuua, je, ukweli umefanya kazi yake au umeshindwa? Khadra hakuwa na subira na maneno makubwa. Alisema yeye anajua jambo moja tu, kwamba bango ni mtu kutangaza kuwa kesho atafungua, na kwamba mwaka ule alikuwa amechora mabango manne tu. Halafu wote tuligeuka kumtazama baba yake, tusikie atamwumiza nani leo.

Baba yake alikuwa Dubow, dalali wa ngamia, mtu mrefu aliyekauka, asiyejua kusoma hata jina lake kwenye mabango ya bintiye. Huyo ndiye aliyekuwa msanii wetu. Alitunga kwa Kisomali akiwa anatembea, na shairi likikamilika alikuja kunighania mara mbili, mara mbili tu, nami nikawa nimelihifadhi. Kichwa changu kimeumbwa hivyo, kama pango, hakipotezi kitu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na hakukionea haya. "Brofesa," alimwambia Mutiso siku ya lile swali la Mungu, "wewe nauliza Mungu kama bolisi. Ngamia ikikufa mimi hapana uliza Mungu. Mimi nauliza nani alikuwa nachunga." Mutiso aliandika maneno hayo katika daftari lake akiwa amekunja uso.

Hapa lazima nieleze desturi, kwani bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Kwetu shairi halisomwi kabla ya kumtaja aliyelitunga, yeye na baba yake na babu yake. Kulisoma bila jina ni wizi, na mtu anaweza kuinuka akakunyamazisha mbele za watu. Ukishamtaja unasema, kama nimeongeza au nimepunguza neno, kosa ni langu. Ndipo unaanza. Mimi nilikuwa hodari wa mambo hayo. Katika harusi na katika mabaraza ya wazee nilialikwa si kwa ajili yangu bali kwa ajili ya kile nilichobeba, na nilikuwa sijaona kwamba hivi viwili ni tofauti mpaka nilipotaka kuoa.

Nilimtaka Khadra. Nilituma wazee wawili kama inavyotakiwa, wakapokewa vizuri, wakanyweshwa chai, wakaambiwa jibu litakuja. Likaja Jumamosi, mbele ya sinia. Dubow aliosha mikono, akaifuta, akasema ana shairi fupi na anaomba nilihifadhi. Lilikuwa la mistari minne tu. Mutiso, masikini, kwa kuwa hakujua Kisomali, akaniomba nimtafsirie. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili; ningesema nini? Nikatafsiri, na sauti yangu naisikia mpaka leo:

Jerikani hutiwa maziwa, hutiwa maji, hutiwa mafuta,
hulala na mtungi usiku, huamka imejaa.
Lakini nani amewahi kuona jerikani ikizaa?
Binti yangu simwozi chombo.

Mutiso alifungua mdomo kucheka, akaniangalia, akaufunga. Khadra alikuwa ametugeuzia mgongo, brashi mkononi, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mimi nilisema limepangika vizuri. Nilisema hivyo kwa sababu lilikuwa limepangika vizuri, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Likatoka nje ya kile chumba, sijui kwa mdomo wa nani, kwa kuwa mimi sikulisoma popote. Baada ya wiki mbili niliingia darasani nikakuta jerikani ya njano juu ya meza yangu. Niliitumia kufundishia ngeli, wanafunzi wakacheka, nami nikacheka nao. Nilirudi nyumbani nikakaa na viatu miguuni mpaka adhana. Sijawahi kumchukia mtu vile, na kila Jumamosi niliendelea kwenda kula kwake.

Shairi la mbuzi lilikuja miezi mitatu baadaye. Siku hiyo basi lilikuwa limesimamishwa njiani, na siku hiyo hiyo vijana wawili wa mtaa wetu walichukuliwa msikitini. Dubow hakula. Alighani shairi lake akiwa amesimama, na lilimhusu mbuzi aliye kati ya fisi na mwenyewe anayemfuga: fisi humla bila bismillahi, mwenyewe humla kwa bismillahi, na hakuna mbuzi aliyewahi kurudi kutueleza tofauti. Mutiso alisema shairi hilo litawaudhi wenye bunduki wote, wa msituni na wa mjini, na kwamba hajawahi kusikia jambo la haki kama hilo. Khadra alisema haki baadaye, kwanza baba yake awe hai. Akataka jambo ambalo mtoto wa mshairi hataki kamwe. Akataka shairi hilo moja lisomwe bila jina.

Walibishana mpaka chai ikawa maji. Mutiso alisema mwenye ukweli hana budi kusimama kando yake. Khadra akamwuliza yeye amesimama wapi, na kwa nini masanduku yake yako tayari karibu na mlango wa nyumba yake. Dubow alikuwa mtu ambaye kazi yake nzima ilikuwa siri, maana sokoni bei ya ngamia husemwa kwa vidole, mkono ndani ya mkono, chini ya shuka, na aliye kando hajui. Lakini jina lake hakutaka kulifunika. "Shairi bila mwenyewe ni mtoto ya haramu," alisema. "Mimi miaka yote hapana zaa haramu." Ndipo Khadra akapiga magoti, akamshika miguu, mbele yetu, na rangi ya kijani ya vidole vyake ikabaki kwenye ndara za baba yake. Mzee akakubali. Tukaapa wote watatu kwamba jina halitatamkwa. Mimi niliapa nikiwa na nyirinyiri mdomoni, nikameza kwanza.

Shairi lilienda bila miguu. Lilirekodiwa kwenye simu, likapita Wajir, likapita Mandera, na kila mahali watu waliuliza ni la nani. Katika likizo nilikwenda Bute kwa harusi ya mwalimu mwenzangu. Baada ya chakula cha mchana wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka, mchele na nyama vimeondolewa, na mtu mmoja akalicheza kutoka kwenye simu yake. Mzee mmoja akasema ngamia asiye na alama ni wa kila mtu. Kijana mmoja mwenye biashara ya sukari akasema basi ni la mjomba wake, amelisikia nyumbani kwao. Lilikuwa jambo la kuchekesha. Hata mjomba mwenyewe pengine angecheka. Ningeweza kunywa chai yangu. Badala yake nilisimama, na simu tatu zikainuliwa kuelekea kwangu, nikaziona vizuri, nikasema ni la Dubow Gure Hassan, dalali wa ngamia wa Garissa. Kisha nikasema anakaa wapi. Nikasema hukaa chini ya bati la pili, soko la mifugo, kila Jumatano.

Nimekuwa na miaka mingi ya kujitetea na nimejitetea vizuri. Nilisema desturi ilinibana. Nilisema mwizi alikuwa akinyakua kazi ya mtu mbele ya macho yangu. Nilisema mzee mwenyewe angependa, na hilo ni kweli, angependa; jina lake lilipokelewa pale kwa makofi. Lakini desturi inadai jina la mtu na la baba yake na la babu yake. Haidai bati. Lile bati nililiongeza mimi, na nilipokuwa nikiliongeza nilikuwa naiona jerikani ya njano juu ya meza yangu. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Hawakusema kichwa cha nani.

Jumatano ya pili baada ya harusi, saa nne asubuhi, watu wawili walimwuliza mwuza chai wa sokoni bati la pili ni lipi. Akawaonyesha, kwa nini asiwaonyeshe? Dubow alikuwa na mkono chini ya shuka na mkono wa mnunuzi kutoka Mwingi. Walimgusa bega. Mnunuzi alisimulia kwamba mzee alimaliza kwanza biashara, akambana vidole vya bei, akatoa mkono, ndipo akaondoka nao. Walikuwa wamevaa nguo za kawaida na lafudhi yao kila mtu aliisikia kivyake. Fisi au mwenyewe, mpaka leo hatujui. Mutiso aliondoka wiki hiyo hiyo bila kuaga, na masanduku yake, akaacha sufuria na soksi zikiwa zimeanikwa. Sikumwona tena. Kila Krismasi alikuwa akituma ujumbe wenye swali, nami nilikuwa sijibu.

Mimi ndiye niliyemtafuta mzee pamoja na Khadra. Wote wanalijua hilo mjini na wamenisifia. Nilikwenda naye ofisi hadi ofisi, nikimwandikia barua kwa Kiswahili kisicho na doa. Tulipopata habari kwamba wachungaji wa Lafey wamezika mtu asiyejulikana, nilisafiri naye na ami yake siku mbili, katika lori la vitunguu. Walikuwa wamehifadhi ndara za marehemu ndani ya mfuko wa unga. Khadra alizigeuza, akazikwaruza kwa ukucha akitafuta rangi ya kijani, akazirudisha mfukoni. Hazikuwa za baba yake. Njiani kurudi alikuwa amejifunika uso kwa shungi kwa sababu ya vumbi, na baada ya saa nyingi aliniuliza swali moja tu. Aliniuliza kama mashairi yote bado ninayo. Nikamwambia yote. Akaniwekea mkono begani, mara ya kwanza na ya mwisho, na mimi nikafurahi. Baba yake alikuwa hajulikani alipo, kwa sababu yangu, na nikafurahi.

Hivyo basi tumekuwa tukikamuana kwa wiki tano, katika chumba kile kile. Jino la tabibu bado lipo. Vichwa vya kinyozi vimefifia, vimebaki masikio tu. Khadra ameolewa, ameachwa, ameolewa tena. Ana karakana mbili na wasaidizi wanne, na anavaa miwani ambayo humfanya aonekane kama mwalimu mkuu. Kila alasiri aliniandalia chai ya maziwa ya ngamia, akawasha kinasa sauti, nami nikamtaja mtunzi, nikasema kosa ni langu, nikaanza. Nilisoma vizuri. Siku ya shairi la mbuzi nililia, naye akanisubiri nimalize kulia ndipo nirudie mstari. Baada ya shairi la kumi na nane nikamwambia yamekwisha.

"Ni kumi na tisa," alisema.

Nikasema sikumbuki jingine. Hakunibishia. Aliinuka, akaenda nyuma ya mlango, akarudi na jerikani ya njano ya tapentaini, akaiweka juu ya meza kati yetu. Basi nikamtaja Dubow Gure Hassan, nikasema kama nimeongeza au nimepunguza, kosa ni langu, nikasoma ile mistari minne. Baada ya miaka yote ile haikuwa imepungua ukali. Khadra alizima kinasa sauti.

"Siku ile ulidhani nacheka," alisema.

Nikaisogeza jerikani kando.

"Nilikuwa nimemwomba baba akubali. Nilimwomba wiki nzima."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayesoma bei. Kisha akatoa kwenye mkoba simu ya zamani ya vibonyezo, kioo kimepasuka, imefungwa kwa kitambaa, na akasema la ishirini analo tayari, hilo hanihitaji. Akabonyeza. Nilisikia sahani, mtu akikohoa, mtoto akifukuzwa, na sauti ya kijana mwenye kujiamini, Kisomali safi: hili ni shairi la Dubow Gure Hassan, dalali wa ngamia wa Garissa. Hukaa chini ya bati la pili, soko la mifugo, kila Jumatano. Kama nimeongeza neno, kosa ni langu. Akalikata hapo.

Nilimwuliza amekuwa nalo tangu lini. Akasema tangu wiki ile aliyochukuliwa baba yake, lilimfikia kabla hatujakwenda Lafey. Nikamwuliza, na najua lilikuwa swali la mpumbavu, kwa nini basi chai, kwa nini nyirinyiri kila Idd, kwa nini kunijulia hali mwanangu alipougua.

"Baba yangu alikuwa ndani ya kichwa chako, Maalim," alisema. "Ningekufanya nini?"

Alinieleza kwamba mashairi kumi na tisa yatatangulia, na hilo litafuata mwisho, kwa sauti yangu, bila maelezo ya ziada. Watu wa redio wameshakubali kuyarusha yote. Nimeandika simulizi hii nikijua nitakuwa nimechelewa. Watakaoisoma watakuwa wameshanisikia. Nilitaka kumwambia kitu, lakini maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya baba yake. Akaniambia nimalize chai isipoe. Nikainywa mpaka mashapo, kwa sababu nilitaka kukaa.

Nilipofika mlangoni akaniita. Alikuwa ameshika kalamu na karatasi. Alisema anajua jina langu na la baba yangu, lakini hana hakika na la babu, na hapendi kukosea. Nikamtajia yote matatu.